Boti za alumini za mtumba: tutazame chini ya sakafu kabla ya kutuma fedha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji wenzangu, hasa walioko Mwanza, Musoma, Bukoba na Kigoma, ambao siku hizi wanawaagiza ndugu zao wa Marekani wawatafutie boti za alumini zilizotumika. Mimi naishi Minnesota, jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, ambako viwanda kama Lund na Alumacraft vilianza kutengeneza boti za namna hii katika miaka ya 1940. Ukipita mitaani huku mwezi wa Oktoba utaziona zimeegeshwa uani zikiwa na kibao cha bei, kwa kuwa mwenyewe hataki kuingia gharama ya kuzitunza msimu mzima wa barafu. Bei huwa ya kuvutia, na ndiyo maana simu kutoka nyumbani hazikomi.

Hoja yangu ni moja. Katika boti kuukuu inayohitaji ukarabati, kitu pekee chenye thamani ni ganda, yaani bati la alumini, mataruma yake (mbavu za ndani), na ule ukuta wa tezi, yaani wa nyuma, unaofungiwa mashine. Viti, nyaya, sakafu, rangi, trela na hata mashine yenyewe vihesabiwe kuwa sifuri wakati wa kupatana. Ganda likiwa zima, vingine vyote vinatengenezeka Mwanza bila taabu. Likiwa bovu, hakuna kilichobaki cha kununua. Kwa bahati mbaya muuzaji hupiga picha za viti na usukani, nanyi huko nyumbani mnapeleka fedha kwa sababu ya viti na usukani.

Tuanze na ukuta wa tezi. Kwenye boti nyingi za alumini za futi 14 hadi 18, ukuta huo si alumini tupu, bali ni plaiwudi iliyovikwa bati, na plaiwudi hiyo ndiyo inayopokea msukumo wote wa mashine. Maji huingia kupitia matundu ya bolti, hukaa humo bila pa kutokea, na mbao huoza huku bati la nje likiendelea kung'aa. Kuupima si kazi kubwa. Mtu anyanyue mashine kiasi, ashike mguu wake karibu na propela, aukandamize kwenda chini kisha auachie, huku mwenzake akikaza macho pale bolti zilipopita; ukuta ukionekana kucheza mbele na nyuma, mbao imekwisha. Halafu augonge kwa mpini wa bisibisi kutoka pembe moja hadi nyingine na kusikiliza, kwa maana mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu na iliyooza hujibu kwa mlio bubu. Hivi karibuni nilimsindikiza jamaa mmoja kutazama boti ya futi 16 iliyopakwa rangi mpya. Alifungua skrubu moja ndogo ya chini kwenye ukuta huo, na maji meusi kama chai ya mkandaa yakaanza kuchuruzika kwenye tundu, yakaendelea kuchuruzika muda wote tulipokuwa tukizungumza na mwenye boti, ambaye alikuwa ametuhakikishia kwamba chombo hakijagusa ziwa tangu Agosti.

Jambo la pili liko chini ya sakafu, na hili ndilo wengi hawalijui kabisa. Sheria za Marekani zinataka boti nyingi ndogo zilizo chini ya futi 20 ziweze kuelea hata zikijaa maji, na kwa hiyo viwanda hujaza povu gumu chini ya sakafu na ndani ya viti. Povu hilo likikaa miaka mingi katika unyevu hunywa maji wala halikauki tena. Kila lita iliyonywewa ni kilo moja inayosafiri na boti daima, na lita 150 au 200 zinaweza kujificha humo bila mtu kuona tone. Tena katika nchi ya baridi kama hii maji hayo huganda, hutanuka, na kusukuma mabati na ribiti (pini zinazounganisha mabati) kutoka ndani. Anayeweza kuipeleka boti na trela yake kwenye mizani ya malori, na baadaye kuipima trela peke yake, alinganishe tofauti na uzito uliotangazwa na kiwanda kwa modeli hiyo. Asiyeweza, ang'oe kipande cha sakafu karibu na tezi na kuchomoa povu kidogo kwa mkono. Akilikamua na maji yakatoka, ajue kwamba sakafu yote itang'olewa, na kwamba povu jipya lazima liwekwe, kwa sababu bila hilo chombo kikipinduka katikati ya ziwa hakutakuwa na cha kushikilia.

Kuhusu kuvuja, nashauri kipimo kimoja tu, nacho ni kuweka maji ndani ya boti badala ya kuiweka boti ndani ya maji. Ikiwa juu ya trela, zibeni tundu la kutolea maji, tieni maji kwa mpira hadi kina cha vidole vinne au vitano (si zaidi, maana trela haikuundwa kubeba uzito huo), kisha mtu alale chini na kalamu ya wino azungushie kila mahali panapodondosha. Ribiti chache zinazodondosha zisimtishe mtu, kwa kuwa hukazwa upya kwa nyundo huku mwenzako akishikilia chuma kizito upande wa pili, na zilizochoka kabisa hubadilishwa. Cha kutisha ni mstari, yaani ufa unaofuata mkuku (uti wa chini wa boti), au unaoanzia mwisho wa taruma, au ulio pale bati linapolalia mbao za trela. Ufa wa namna hiyo unaonyesha kwamba bati limechoka kwa kupigwa na mawimbi, na ukizibwa hapa utatokea shubiri moja mbele. Ukiona gundi au silikoni imepakwa kwa wingi mahali hapo, mwenzako alikwisha kujaribu akashindwa.

Alumini haipati kutu nyekundu, na hilo limewafanya watu wengi waamini kwamba haiozi. Inaoza, lakini kwa namna yake. Mahali ambapo zulia, povu au ubao mbichi umeigandamiza kwa muda mrefu, hufanya unga mweupe, na ukiukwangua unga huo unakuta vishimo vinavyoweza kupenya hadi upande wa pili. Inapogusana na shaba penye unyevu, hasa maji ya chumvi, inaliwa kwa kasi kubwa. Hapo ndipo penye mtego wa mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, kwa kuwa dawa nyingi za siku hizi zina shaba, na mtu aliyetengeneza ukuta wa tezi au sakafu kwa mbao hizo akidhani anajenga cha kudumu amepanda ugonjwa ndani ya boti. Muulize muuzaji alitumia mbao gani. Akijibu kwa fahari kwamba ni zile za kijani zisizooza, ondoka.

Nasisitiza haya kwa sababu ya fundi atakayeipokea nyumbani. Boti ya mbao ikipata tatizo Ukerewe, fundi yupo, kalafati ipo, na kazi inakwisha jioni. Alumini ni jambo jingine, kwa kuwa ufa wake huzibwa kwa kuchomelea. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando unaoifunika huyeyuka kwenye nyuzi 2,000 na zaidi, na tena haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo fundi wa mageti na madirisha mwenye mashine ya kuchomelea ya vijiti huona bati linang'aa kama kawaida, na mara tundu limefunguka kubwa kuliko ufa aliokuja kuuziba. Kazi hiyo inataka gesi ya argoni, mashine yake maalumu na mkono uliozoea, na bati la boti ndogo za ribiti mara nyingi halifiki hata milimita mbili. Mafundi wa aina hiyo wapo nchini, nao wana bei yao. Kabla ya kununua boti yenye ufa, mtafute fundi kwanza, umwonyeshe picha, akupe bei kwa maandishi.

Umbo nalo lisisahauliwe. Boti nyingi za bei ya chini kabisa huku ni zile za tumbo bapa, zilizoundwa kwa mito na vidimbwi vilivyotulia. Ukiipeleka kwenye mawimbi mafupi ya Ziwa Victoria yanayoinuka ghafla alasiri, haitakufaa hata ikiwa mpya. Tafuta yenye omo, yaani mbele, iliyochongoka na kuta za pembeni ndefu, na usome kile kibao cha kiwanda kinachotaja watu, uzito na nguvu ya mashine, ukikumbuka kwamba uzito umeandikwa kwa ratili (pauni).

Juu ya mashine sitasema mengi. Iliyokaa nje barafuni ikiwa na maji ndani inaweza kuwa imepasuka, na oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Lakini hata ikiwa nzima, jiulize vipuri utavipata wapi. Evinrude, kwa mfano, iliacha kutengenezwa mwaka 2020, ilhali Yamaha za HP 15 na 40 kila fundi wa mwaloni anazijua kwa kichwa.

Mwisho ni usafiri na karatasi. Boti ya futi 16 ina urefu wa karibu mita 4.9 na inaingia katika kontena ya futi 20, ambayo ndani ina mita 5.9 hivi, lakini boti ya futi 20 haiingii. Ikisafirishwa peke yake unalipia takriban mita 10 za ujazo ambazo karibu zote ni hewa, kwa hiyo afadhali ijazwe mizigo mingine au isafiri pamoja na gari katika kontena ya futi 40. Ushuru nao hukokotolewa kwa thamani iliyojumuisha nauli na bima, si kwa ile bei ya uani peke yake. Namba ya utambulisho ya ganda, yenye herufi na tarakimu 12 kwa boti zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa 1972, iko upande wa kulia wa ukuta wa tezi na lazima ilingane na hati ya umiliki. Iliyokwanguliwa isinunuliwe kwa bei yoyote, na kabla ya malipo ni vema kuulizia TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, masharti ya ukaguzi na usajili kwa kazi unayokusudia.

Kwa aliyekwisha kununua, na anayetaka kuitumia Tanga au Dar es Salaam badala ya ziwani, aangalie vile vipande vya madini vinavyofungwa ili viliwe badala ya boti. Vinavyotoka maji yasiyo na chumvi ya huku mara nyingi ni vya magnesi, navyo huisha haraka sana katika chumvi, hivyo viondolewe na kufungwa vya zinki au vya alumini kabla boti haijashushwa, na rangi ya chini isiwe ile yenye shaba.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani