Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: bango tumeliona, tunaomba pampu ya kupimia hewa

Kwa Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Usalama Kazini, kanda yetu

Mheshimiwa,

Salaam, na asante kwa bango. Juma lililopita mkaguzi wako alilibandika kwenye mlango wa karakana ya viatu, akahesabu mitungi ya kuzimia moto, akaandika "hali ya hewa inaridhisha", akaaga. Mkononi alikuwa na kalamu tu. Tunauliza kwa heshima: hewa aliipima kwa kalamu au kwa pua?

Kama ni kwa pua, imemdanganya. Kiyeyusho cha gundi ya soli mara nyingi huwa na heksani, na harufu yake ni hafifu, pua huizoea upesi. Kikomo cha ACGIH, jumuiya ya wataalamu wa afya kazini ya Marekani, ni sehemu 50 kwa milioni, wastani wa saa 8. Sheria ya Marekani yenyewe bado inaruhusu 500. Tafadhali msije mkaiokota hiyo.

Tupige hesabu. Lita moja ya heksani ni gramu 660 hivi. Ikikauka yote hutoa karibu lita 187 za mvuke. Chumba cha mita 6 kwa 4, kimo mita 3, kina mita za ujazo 72. Mlango ukifungwa, na hufungwa ili vumbi lisinase kwenye gundi mbichi, mvuke unafika kama sehemu 2,600 kwa milioni. Kuuzuia usizidi 50 wakati gundi inakauka kunataka zaidi ya mita za ujazo 3,700 za hewa safi kwa kila lita, yaani chumba kizima kibadilishwe hewa mara 52. Feni ya darini aliyoisifu mkaguzi haibadilishi hewa, inaikoroga. Mvuke huu ni mzito karibu mara tatu ya hewa, unashuka na kumkuta fundi kwenye kigoda, pua ikiwa shibri moja juu ya kopo. Kinachotakiwa ni feni ya kuvuta, iwekwe nyuma ya meza usawa wa kopo, itoe mvuke nje bila kuupitisha usoni.

Barakoa za vumbi mlizogawa ni nzuri kwa vumbi. Mvuke unazipita kama maji kwenye chujio la chai. Huzuiwa na barakoa yenye kichujio cha mkaa, kile cha mstari wa kahawia, nacho hujaa, hubadilishwa.

Ndani ya mwili heksani hugeuzwa kuwa sumu inayoua mishipa ya fahamu, ikianzia mirefu kuliko yote. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu. Kandambili inamtoka mguuni njiani, mtu hana habari. Baadaye mguu unaburuzwa. Zahanati wanapima sukari, mtaani wanasema karogwa. Hata akiacha kazi leo, hali inaweza kuzidi kuwa mbaya kwa miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza kupona. Na gundi ikichanganywa na thina yenye MEK, kiyeyusho kingine, ganzi huwahi zaidi.

Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Mkojo wa mwisho wa zamu ungeonyesha mabaki ya sumu hiyo, lakini hilo tuliweke kando, tusije tukaonekana walafi. Uliahidi kikaoni vipimo vya hewa "robo ijayo". Robo tatu zimepita. Ahadi ingekuwa sukari, tungeshakunywa chai.

Tunaomba kitu kimoja: pampu. Ni ndogo, inavaliwa kiunoni, mpira wake unapanda hadi kwenye kola, mwishoni kuna kimrija cha mkaa kinachopelekwa maabara. Avae fundi wa gundi, si msimamizi wa ofisini. Na siku iwe Ijumaa, oda zinapomaliziwa na makopo yote yako wazi, si Jumatatu asubuhi kama alivyokuja mwenye bango.

Wako katika kungoja,
Mafundi wa viatu