Mhariri, haya matawi ya kujitungia yanatutoa jasho

Mhariri, naomba kanafasi kwa sisi tunaocheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa hadithi na dadu ambapo kila mtu anaigiza mhusika wake, mtandaoni. Juzi nimekesha natunga tawi jipya la mpiganaji, yaani aina maalum ya mhusika huyo yenye uwezo wake, mlinzi wa daraja anayepata nguvu akisimama palepale bila kusogea, wazo tamu kweli ila kuliingiza kwenye programu ya mchezo ndo balaa. Maelezo unaandika dakika tano tu, kazi iko kwenye kuiambia kompyuta, maana ukiandika "ongeza 2 kwenye kinga" halafu usijaze ile sehemu ya mahesabu, karatasi ya mhusika, ile yenye namba zake, haibadiliki hata kidogo unabaki unashangaa. Alafu mpiganaji anapata uwezo wa tawi lake akifika leveli ya 3, 7, 10, 15 na 18, mi nikasahau ya 10 nikaja kugundua katikati ya mchezo, wenzangu walicheka hadi basi. Watengenezaji watuwekee kitufe cha kujaribia kabla ya kuhifadhi jamani, saa hizi inabidi umpandishe mhusika wa uongo leveli moja moja hadi 20, ya mwisho. Na nyie mnaotunga tawi la kupiga mara sita kwa zamu moja, nguvu zimepitiliza hivyo nani atacheza na nyie?

Mdau wa dadu