Asante sana kaka wa koti la kijani, Pompeii

Jamani nina deni la shukrani kwa kaka mmoja tuliyekuwa naye kwenye grupu la kutembelea Pompeii, yale magofu ya mji wa kale wa Warumi kule Italia, Jumamosi, koti la kijani, jina hata sikuwahi kumuuliza. Mvua ilitupiga toka tunatoka Naples na zile barabara za mawe zikilowa zinateleza balaa, mama yangu magoti yanamsumbua akawa anaachwa nyuma, mwongozaji yuko mbele huko anaelezea. Huyo kaka akarudi mwenyewe, akampa mwavuli wake, akamshika mkono, "taratibu mama, hatuna haraka". Kuna yale mawe makubwa ya kuvukia, Warumi waliyaweka ili watu wavuke bila kukanyaga maji na uchafu, katikati wakaacha nafasi magurudumu ya mikokoteni yapite, basi siku hiyo maji yanatiririka chini kweli na mama anavuka jiwe kwa jiwe viatu vikavu! Akaziona na kaunta za migahawa yao zenye matundu ya mitungi, zilizofukiwa na majivu ya mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo, alifurahi mno. Kaka wa watu kalowa chapachapa. Popote ulipo, mama anakuombea, Mungu akuzidishie.