Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Muyeye, Malindi

Wazee wetu, kina mama na ndugu wanachama, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Usafi wa mitaro, mchango wa futari na usimamizi wa mazishi vilikwenda kama kila mwaka, nanyi mlikuwepo. Linalonilazimu kueleza ni fedha za maturubai na viti, ambazo kamati ilizielekeza kwenye chanjo ya mbwa na kuwafunga uzazi majike, jambo ambalo baadhi yenu mmelisema zaidi barazani kuliko mkutanoni.

Mtoto alipoumwa na mbwa karibu na kisima, shauri la kwanza lilikuwa kutega nyama yenye sumu. Nililikataa mimi mwenyewe, na sijutii. Sumu haichagui: humuua mbwa aliyechanjwa, paka, hata kuku wa jirani, na jaa likibaki wazi mbwa wengine huja kukalia nafasi ile ile. Kichaa cha mbwa hukatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa, na mkakati wa taifa wa mwaka 2014 umelenga kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030 kwa njia hiyo ya chanjo. Wanaoniuliza juu ya najisi wanajua kama nijuavyo kwamba tumefundishwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Hatukufundishwa kutega sumu njiani.

Tena wengi wa hao tunaowaita mbwa koko wana wenyewe, watu wa upande wa mashamba wanaowafuga ili kufukuza nyani kwenye mahindi. Kwa sababu hiyo tulipita nyumba kwa nyumba pamoja na wazee wa mtaa, tukibisha hodi na kuomba ruhusa, na hakuna mbwa aliyenaswa kwa waya. Bibi mmoja alimfunika mbwa wake macho kwa leso yake, akamlaza kichwa mapajani hadi daktari wa mifugo akamaliza, kisha akauliza kama dawa ya viroboto nayo ipo.

Mbwa waliochanjwa ni 143, majike waliofungwa uzazi ni 26, na gharama yote ni shilingi 118,400. Petroli ya gari langu haimo humo, wala sikuidai.

Sasa niseme la uchungu. Tuko wanachama 96. Mkutano wa Agosti ulihudhuriwa na 19, siku ya chanjo niliwaona watano, na waliolipa ada ni 41. Wanaonung'unikia viti zaidi ndio wasiokuwa na risiti, na majina ninayo, ingawa sitayasoma leo.

Inshallah mwaka ujao chanjo itarudiwa, suala la jaa litafikishwa kwa wahusika, na viti navyo vitatazamwa hali ikiruhusu. Kitabu cha risiti kiko kwa mweka hazina kila siku baada ya swala ya alasiri.