Miswada ipo, wasomaji ndio hatuna

Mhariri,

Kila ikikaribia 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, hatukosi hotuba kuhusu miswada yetu ya kale, ile iliyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, iliyochukuliwa na wageni. Malalamiko hayo yana haki yake. Barua za Kiswahili za kale kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo asili zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Makaratasi ya mmisionari W. E. Taylor yako London. Hati alizokusanya mtaalamu wa Kijerumani Ernst Dammann kule Lamu miaka ya 1930 zilikwenda Ujerumani. Lakini liko swali ambalo wenye hotuba hulipita kando: zikirudishwa kesho, nani atazisoma?

Maana zilizopo hapa hapa nyumbani nazo zinangoja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili na Kiarabu, matunda ya kazi ya mtaalamu wa Kiingereza J. W. T. Allen aliyeitafuta kwa watu wa mwambao miaka ya 1960. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Lakini vijana ninaokutana nao wenye shahada ya Kiswahili, hodari kabisa wa sarufi, ukiwawekea mbele ukurasa mmoja wa utendi kwa khati yake ya Kiarabu wanakutazama tu. Siwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewafundisha.

Wengine hudhani kwamba aliyehitimu Kurani atazisoma bila taabu. Herufi atazitambua, ndiyo. Shida inaanzia hapo. Kiarabu kina irabu fupi tatu na Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo kasra, alama ya chini ya herufi, hubeba i na e, na dhumma, alama ya juu yake, hubeba u na o; fataha ndiyo a. Waandishi wengi wa zamani hawakuwa na herufi ya p, wakaandika b. Tena m au n iliyotangulia konsonanti mara nyingi waliiacha. Basi neno lililoandikwa kafu yenye dhumma na be yenye fataha laweza kuwa kupa, kopa, kumba au komba! Atakayekuamulia ni mizani minane ya kipande cha utendi, au kina, au mwendo wa habari yenyewe. Na huko nako hufiki mbali kama hujui Kiamu, lahaja ya Lamu, ambako macho ni mato na njia ni ndia.

Wazungu walilijua hilo mapema, ndiyo maana hawakuchukua karatasi peke yake. Taylor alikuwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, miaka mingi baada ya Muyaka kufariki. Bila yeye sijui tungekuwa na Muyaka gani leo. Dammann na Mwingereza William Hichens walimtegemea Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mwandishi mwenye mkono mzuri ajabu. Na Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefariki mwaka 2008, alikuwa nguzo ya wataalamu wa London katika kuzisoma hati hizi. Watu wa namna hiyo bado wapo Lamu, Pemba, Mombasa na hapa Tanga, ila wanazeeka, na wengi hawana cheti cha kuonyesha mlangoni mwa chuo.

Ombi langu kwa vyuo vyetu ni dogo: muhula mmoja wa lazima wa kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa kila anayechukua shahada ya lugha hii. Afundishe mzee anayejua, alipwe kama mwalimu, na suala la cheti liwekwe pembeni. Umbali nao si kisingizio tena. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza. Picha zinaonekana kwenye intaneti na vitabu vyenyewe vimebaki Lamu. Laiti kila familia yenye sanduku la hati za babu ingefanyiwa vivyo hivyo, badala ya kuombwa itoe urithi wake.

Najua kuna watakaosema haya ni mambo ya dini na hayafai kwenye mtaala wa serikali. Mikopo, mauzo ya mashamba, kesi na ugomvi wa ndoa viliandikwa kwa herufi hizo hizo. Hata Wajerumani, walipoanza kutawala pwani hii, waliandikiana na maliwali na maakida kwa khati ya Kiarabu kabla shule zao, ikiwamo ya hapa Tanga, hazijatoa makarani wa kutosha wa herufi za Kirumi.

Nawe Mhariri usijitoe. Ukurasa wako wa mashairi una nafasi. Chapa humo kila wiki ubeti mmoja wa zamani kama ulivyoandikwa kwa mkono, bila tafsiri wala maelezo, wasomaji walete usomaji wao, na wiki inayofuata uchape majibu yanayopingana.

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Tanga