Mjomba, ile hatua ya sita si yako

Shikamoo mjomba. Naandika huku hadharani maana wasapu unasoma afu unanyamaza, na gemu yetu ya chesi ya mtandaoni, ile ya siku tatu kwa kila hatua, umebakiza masaa 14.

Nianze na lawama. Hatua ya nne umerusha farasi kwenye mraba wa g5 kama kawaida yako, unainyemelea f7, kile kiaskari changu kinacholindwa na mfalme peke yake, ndo ulivyokuwa unanichapa tangu niko la tano. Nikaweka kiaskari d5 ukala, nikasukuma kingine b5 nikijua na hicho utakila maana wewe kitu cha bure hakikupiti. Hukula! Hatua ya sita ukamrudisha askofu f1, nyumbani kabisa alikotoka! Mjomba, hiyo ndo hatua nzuri kuliko zote pale lakini mtu haioni kwa macho yake, lazima aisome mahali. Tulikubaliana vitabu ruksa kompyuta hapana, sasa ni kitabu au ni yule dogo na laptopu yake?

Kama ni kitabu mbona hukusoma mbele kidogo? Kuna gemu ya Estrin na Berliner, ubingwa wa dunia wa chesi ya barua, ile ya kutumiana hatua kwa posta, 1965 mpaka 1968, Estrin wa Moscow ana nyeupe, Berliner yuko Marekani ana nyeusi, na ufunguzi wenyewe, hatua za mwanzo hizi hizi zetu, Estrin anaujua kama njia ya kwao. Hatua ya kumi farasi mweusi d4 yuko wa kuliwa, askofu g4 naye wa kuliwa, Berliner haokoi hata mmoja, anasukuma kiaskari e4. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea kuchapa. Estrin akala farasi, akampiga sheki mfalme mweusi mpaka d8, na bado nyeupe ndo anahema kwa shida!

Ila mati ya haraka, ya kumnasa mfalme gemu iishe, haikuwepo. Moto wote ule ukaishia kila mtu na ngome moja, nyeusi viaskari vinne nyeupe vitatu, wakavutana mpaka hatua ya 42 Estrin akasalimu amri. Hapo pakavu ndo mi napapenda zaidi, watu wengi wanaparuka sijui kwa nini. Berliner akabeba ubingwa na pointi 14 kwa gemu 16, hakufungwa hata moja.

Sasa angalia bodi yetu. Farasi wangu yuko d4, askofu wangu g4, na juzi usiku nimesukuma e4. Kula basi mjomba, si vya bure hivyo?

Nisalimie nyumbani, na huyo dogo mwambie afunge laptopu.