Barua kwa mliomaliza kidato cha nne, na wazazi wenu wasikie pembeni

Marahaba. Nimeitikia kabla hamjanisalimia maana najua wengine mngepita moja kwa moja.

Mi ni mzee wa hapa Morogoro, nina karakana ndogo ya kuchomelea na kuchonga vyuma, na kwa umri ni babu yenu, wengine humu ni babu yenu kweli kabisa. Sikuwa na mpango wa kuandika, nimeudhiwa. Kila mwaka mkimaliza mtihani wa Novemba huwa nachukua vijana sita wanakaa na mimi wiki nne, silipi mshahara, natoa nauli na chakula cha mchana, wanaangalia kazi inavyofanyika na wanasaidia zile zisizo na hatari. Mwaka huu siku ya tatu tu akaingia baba mmoja, hata gari hakuzima, akasema mzee samahani lakini sikumlipia huyu inglishi midiamu miaka 11 yote ili aje kushika grisi. Kijana akavua ovaroli bila kusema neno, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi, akaondoka. Nimeulizia, saivi yuko ndani na simu anasubiri matokeo.

Sasa hebu pigeni hesabu na mimi. Mtihani Novemba, matokeo Januari, kidato cha tano Julai. Hiyo ni miezi saba na ushee mtu wa miaka 17 mwenye nguvu zake amekaa, na wazazi wakijitahidi sana wanalipia tuisheni ya kuanza masomo ya kidato cha tano mapema, yani unasomea tahasusi, lile kundi la masomo matatu, ambayo hujui inakupeleka kwenye kazi gani. Niliwauliza wale sita siku ya kwanza, watatu wakasema PCB, yani fizikia, kemia na baiolojia. Kwa nini PCB? Mmoja akajibu kwa sababu nina uhakika wa B ya baiolojia. Kwahiyo B ndo imekuchagulia maisha? Umewahi kukaa hospitali hata siku moja ukiwa si mgonjwa wala hujapeleka chakula? Hajawahi. Na saivi tahasusi zimefika 65, enzi zetu ungezitaja zote bila kuvuta pumzi mara ya pili, mtoto anafungua simu anajaza Selform, ile fomu ya machaguo, anachagua katikati ya 65 kwa kumuuliza rafiki yake ambaye naye kamuuliza dada yake.

Mi nilimaliza kidato cha sita 1976. Wakati ule kulikuwa na Azimio la Musoma la 1974, huendi chuo kikuu moja kwa moja, kwanza JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), halafu unafanya kazi angalau miaka miwili, na ukitaka kwenda chuo unaenda na barua ya mwajiri na ya chama. Tulilalamika sana, nisiwadanganye. Na mpango wenyewe ulikuwa na kasoro zake, idadi ya wasichana chuoni ikashuka mpaka wakaondolewa sharti hilo mapema, na mtu akigombana na bosi wake basi barua haipati. Siombi urudi. Lakini nilipelekwa kiwanda kimoja hapahapa, nikawekwa stoo kuhesabu vipuri. Nilikuwa nataka uhasibu, nyumbani wote walishajua naenda kuwa mhasibu. Miezi minne ya kuandika kadi za beringi na mikanda nikagundua muda wote nachungulia dirishani kuwaangalia mafundi waliokuwa wanafungua mashine, hesabu zenyewe zinanichosha balaa. Kuna fundi mmoja mzee, darasa la nne, Mungu amrehemu, akaniambia we kijana kila siku unakuja kuuliza hii inafanya nini, mbona huulizi bei yake? Nikacheka lakini usiku sikulala. Nilipoenda chuo nikaomba uhandisi. Bila ile stoo ningekuwa mhasibu mwenye hasira.

Na sisemi wote mje mchome vyuma. Hapo ndo wazazi wanaponielewa vibaya. Miaka mitatu iliyopita alikuja binti, wa udaktari kama kawaida, nikamweka kwenye kimeza cha risiti. Siku moja tulikuwa na geti, vipande vinne vya mita 2, vinne vya mita 2.5, vinne vya mita 1.4, na bomba linauzwa la mita 6. Fundi wangu akaagiza mabomba matano kwa sababu anakata vya saizi moja kwanza. Binti akasema babu, ukichukua kimoja kimoja cha kila saizi kwenye kila bomba yanatosha manne. Fundi akabisha, tukakata, yakatosha. Fundi alinuna mpaka jioni. Nikamwambia binti kuna watu wanaitwa wakadiriaji majenzi, wanalipwa kupiga hesabu ya nondo na saruji kabla jengo halijaanza, wana bodi kabisa kwa mujibu wa sheria, wako pamoja na wabunifu majengo. Hakuwahi kusikia! Miaka minne ya sekondari na hakuna mtu aliyemtajia. Saivi ndo anachosoma chuo. Chuma chenyewe alikichukia, kelele za grainda zilikuwa zinamuumiza kichwa, na hilo nalo ni jibu, amelipata kwa wiki nne badala ya kulipata mwaka wa tatu wa chuo na mkopo wa Bodi ya Mikopo juu ya kichwa.

Kwahiyo tafuteni pa kusimama. Duka la dawa, ofisi ya mwanasheria wa mtaani, shamba la nyanya la mjomba, saluni, stendi pale Msamvu kwenye ofisi ya mabasi, popote. Usiende kuomba "nafasi", neno hilo linawatisha watu, nenda uombe kukaa na kuangalia wiki mbili na kusaidia. Ukikataliwa nenda mlango wa pili, mi mwenyewe nilishakataa watoto kwa sababu tu siku hiyo umeme ulikatika nikawa na hasira.

Mengine nayataja tu. Fika kabla ya mwenye kazi. Simu mfukoni. Daftari dogo, andika kila neno usilolijua. Uliza mtu anaingiza shilingi ngapi mwezi mbaya, sio mwezi mzuri. Usipige picha umevaa helmeti ukaweka status "injinia" siku ya kwanza. Mashine usiyoruhusiwa usiguse, sheria ya ajira ya 2004 inasema mtoto wa kuanzia miaka 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu na chini ya 18 hatakiwi kwenye kazi za hatari, ukiona mtu anakupa grainda siku ya pili huyo hakufundishi, anakutumia. Anayekudai hela ili akupe kazi ni tapeli. Na mabinti zangu, bosi anayetaka kukuelekeza kazi saa mbili usiku ofisi imefungwa, ondoka na umwambie mtu mzima siku hiyohiyo, usimwonee haya kwa sababu amekusaidia.

Halafu jamani na sisi wakubwa. Tunatangaza kazi tunataka uzoefu wa miaka mitatu, mtoto akija kuutafuta huo uzoefu tunamwambia hatupokei wanafunzi. Uzoefu mnataka waokote wapi, njiani? Shuleni mwalimu wa ushauri na unasihi ni huyohuyo wa hisabati mwenye madarasa manne, ataongea na nani saa ngapi. Sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, yani wa kusomea ufundi na kazi za mikono, nimefurahi, sisi zamani tulikuwa na michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, si kitu kigeni hiki, lakini nasikia wazazi wameshaanza kusema amali ni ya wale wasio na akili. Ndo yaleyale ya grisi. Na wewe baba wa gari lisilozimwa, ile shafti ya mashine yako ya kukoboa ilipokatika mwaka juzi uliileta kwa nani?

Basi. Jumatatu nina nafasi moja. Saa moja na nusu asubuhi, viatu vya kufunika vidole, ndala nakurudisha nyumbani. Njoo na mzazi au barua yake. Na wewe uliyeikunja ile ovaroli, sijampa mtu mwingine, imetundikwa msumarini nyuma ya mlango, na baba yako naenda kumwona mwenyewe Jumapili baada ya ibada, we usigombane naye.

Babu yenu, Morogoro